Matanga ya Jumba la Hukumu

Muhidini bin Dadi hakuwa mwongo wa kila kitu. Ukimuuliza bei ya samaki atakwambia kweli. Ukimpa amana aifikishe Msata, itafika ikiwa bado na kamba yake. Uongo wake ulikuwa mmoja tu, ila ulikuwa mrefu: ulianzia chini ya Jumba la Hukumu hapo Bagamoyo, ukapita chini ya barabara, ukapita chini ya maduka ya vitenge, ukaenda kutokea pwani. Uongo huo ulikuwa handaki.

Jumba lenyewe lilikuwa la kweli kabisa. Lilisimama tangu enzi za Masultani, orofa mbili za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene hata paka alijinyoosha kwenye kizingiti cha dirisha na nafasi ikabaki. Liwali alihukumu humo, Mdachi akahukumu humo, Mwingereza naye akahukumu. Uhuru ulipokuja, mahakama ya mwanzo ikasikiliza humo kesi za mbuzi na talaka mpaka paa lilipoanza kumvujia hakimu kichwani. Likawa ghala la mahindi, kisha likawa la popo. Ndipo Muhidini alipoanza kutembeza wageni.

Siku yake ya kwanza ya kazi, miaka ishirini na sita iliyopita, bibi mmoja mwenye kofia pana alimwonyesha shimo kwenye kona ya chumba cha nyuma, chini, akamuuliza ni la nini. Muhidini hakujua. Lilikuwepo neno moja fupi la kumtoa pale, lakini lilimkwama kooni, maana mtu aliyevaa shati jipya hapendi kusema hajui. Akasema, "Handaki." Bibi yule alifurahi mpaka akashika kifua. Muhidini alipoona furaha ile akaongeza kwamba linatokea baharini.

Mwaka uliofuata akapatikana mfungwa aliyetoroka kwa njia hiyo. Mwaka wa tatu mfungwa akapata mchumba. Mwaka wa tano Muhidini alishusha fimbo shimoni, ikagota kwenye kina cha kifua cha mtu. Alisimama na fimbo yake muda mrefu. Kisha akalifunika shimo kwa bati, akatia kufuli, akawa anawaambia wageni kwamba ndani mna hewa mbaya. Hapo hakuwa mbali sana na ukweli.

Uongo ukikaa sana mji mmoja hupewa uraia. Vijana wa bajaji walilielekeza handaki kama wanavyoelekeza benki. Wazee walianza kukumbuka kwamba babu zao waliliingia. Na Lulu, binti yake wa pekee, aliyemlea mwenyewe tangu mama mtu atangulie mbele ya haki, alikuwa mwalimu wa darasa la tano, na alikuwa amelichora handaki ukutani mwa darasa kwa rangi ya mafuta: jumba juu, njia chini, mfungwa anakimbia na minyororo yake, na mwisho bahari yenye samaki anayecheka. Hadithi hiyo ndiyo aliyolazwa nayo utotoni. Hakuwa na sababu ya kuipima kwa fimbo.

Jioni moja walikuwa wanakula, Lulu na madaftari yake ya kusahihisha pembeni.

"Baba, nina mtoto mmoja darasani anaitwa Ashatu, mjuaji huyo! Nimeuliza handaki linatokea wapi. Sikiliza alivyojibu." Akasoma, "'Halitokei popote, kwa sababu niliweka pua kwenye tundu la bati na hapana upepo wa bahari.'"

Muhidini akaacha kutafuna. "Ukamfanyaje?"

"Nimemkata alama zote mbili."

"Umefanya vizuri, mwanangu," alisema Muhidini. "Watoto wa siku hizi hawaamini wakubwa." Lakini sahani aliisukuma kando kabla hajashiba.

Masika yale mvua ilinyesha bila huruma. Roshani ya Jumba la Hukumu ikaanguka juu ya pikipiki ya bodaboda iliyoegeshwa chini. Hakuumia mtu, ila mwenye pikipiki anaisimulia mpaka leo. Miezi haikupita mingi, watu wakaamka na kukuta alama ya X nyekundu ukutani, kubwa kuliko mlango. Akaja injinia kijana, Sophia, na michoro yake chini ya kwapa. Jumba litabomolewa, pale litasimama jengo jipya la fremu za maduka.

Unadhani mji ulilia? Mji haukulia. Watu walikwenda kuuliza fremu zitagawiwa lini. Ndivyo tulivyo: kitu kikisimama miaka mia na zaidi tunakifanya pa kuanikia nguo, kikianguka ndipo tunakumbuka kilikuwa kizuri. Walichouliza kwa uchungu ni kimoja tu: handaki je?

"Wasiwasi wa nini?" alisema Injinia Sophia mbele ya watu wote. "Jumba linaondoka, handaki linabaki. Tutaliwekea kioo juu na taa ndani." Kisha akamgeukia Muhidini kwa adabu zote. "Shikamoo, mzee. Nimesikia wewe ndiye mwenyewe. Siku ya kulifungua, wewe utatutangulia."

"Marahaba, mwanangu," alisema Muhidini.

Kuanzia siku hiyo Jumba la Hukumu halikuwa na mtetezi mkubwa kuliko yeye. Alizungusha karatasi ya kupinga ubomoaji, akapata sahihi nne, mbili zikiwa zake. Akavumisha kwamba jumba lina jini mkali. Kesho yake akakuta watu kumi na mmoja mlangoni na vyetezo vya ubani, wamekuja kumuomba jini awatatulie shida zao, na wa mbele kabisa alikuwa dereva wa Injinia. Muhidini akarudi nyumbani akalala mchana, kitu asichokuwa na desturi nacho. Hakuogopa kuchekwa na mji. Mji umemcheka kila mtu. Aliogopa uso wa Lulu siku hiyo bati litakapofunuliwa.

Jumatano kijiko kikafika. Namsema yule mnyama wa chuma mwenye mkono mrefu wa kuchimbia. Kilikuwa cha kukodi, na Jumatatu jioni kilitakiwa kiondoke kwenda kuchimba mitaro Kiwangwa, na kikishaondoka hakuna ajuaye kitarudi lini. Kwa hiyo Muhidini alihitaji siku sita tu. Juu ya kijiko alikaa msimamizi wa kazi, Rajabu, mtu mfupi wa Tabora, na kabla hajazima injini alipaza sauti:

"Nyie Wazaramo! Nyumba imewashinda hata kuiangusha, mpaka mtuite sisi?"

Muhidini akajibu bila kufikiri, maana mambo haya hayafikiriwi. "Mnyamwezi wewe! Babu zako walifika hapa na mizigo kichwani, leo umekuja umekalia mzigo?"

"Walibeba wao, nabomoa mimi. Na nyie mmekaa palepale mnatutazama!"

Watu wakacheka. Ndipo akili ya Muhidini ikafunguka. Huyu ni mtani! Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mmoja akimfanyia mwenzake lolote, hakuna kununa wala kushtaki. Akavua kofia, akaiweka kifuani.

"Mtani, umevamia msiba."

"Nani kafa?"

"Si huyu mbele yako? Jumba limekufa, halijazikwa, na wewe umekuja na injini inanguruma. Kwenu mnafanya hivyo?"

Rajabu alilitazama jumba. Akamtazama Muhidini. Akazima injini, akashuka, akajipiga kichwani kwa viganja viwili. "Yelele! Msiba mkubwa hivi, nami sikupigiwa hata simu!"

Injinia Sophia alikuja mbio. "Rajabu, hii ipo kwenye mkataba?"

"Injinia, mkataba nimesaini mimi. Utani kasaini babu."

Matanga yakawekwa. Desturi ni kuzika kwanza na matanga baadaye, lakini marehemu huyu alikuwa wa orofa mbili na hakuwa na haraka. Mikeka ikatandikwa barazani, kahawa ikapikwa. Imamu alisema yeye hasomei chokaa hitima, ila akakaa, akanywa vikombe vitatu. Watu ambao hawakuwahi kuligusa jumba lile ila kwa kuliegemea walikuja kulalama jinsi lilivyokuwa tegemeo lao. Jumatano ikapita, Alhamisi ikapita, Ijumaa ikapita. Muhidini, mfiwa mkuu, alikaa juu ya kiti chake akihesabu saa, na mara ya kwanza tangu masika alilala usingizi wa mtu mwema. Alikuwa amepanga kwamba Jumamosi ataanzisha ugomvi wa warithi.

Lakini mchimba kisima huingia mwenyewe. Katika hesabu zake zote alisahau jambo ambalo kila mtoto wa pwani analijua: msibani, mtani ndiye mwenye kaburi.

Jumamosi asubuhi Rajabu alifika amejifunga kanga kiunoni. Mji mzima ulikuwepo. Lulu alikuja na wanafunzi wake wote kwa mstari wa wawili wawili, maana fununu ilikwishaenea kwamba leo lolote laweza kutokea. Rajabu alianza kumwigiza marehemu, kama watani wafanyavyo. Alisimama wima, mikono kiunoni, mashavu kayajaza upepo.

"Mimi ndimi Jumba! Nimewahukumu babu zenu kwa kuiba kuku, nimewahukumu baba zenu kwa kuiba kuku, nikachoka, nikawaangushia roshani!" Akaitupa kofia yake ya kazi miguuni kwa mwenye pikipiki. Watu walicheka wakashika mbavu, hata mwenye pikipiki, kwa shingo upande.

"Sasa," alisema Rajabu, "kaburi liko wapi?"

"Marehemu hana kaburi," alisema Muhidini haraka.

"Kaburi si lile lenye kufuli?"

Kabla Muhidini hajafungua mdomo, Rajabu alikwishaingia chumba cha nyuma na mtaimbo. Kufuli la miaka ishirini na moja likakatika kwa pigo moja. Watu walijazana mlangoni. Mtani ana haki ya kuingia kaburini akalala humo, asitoke mpaka akombolewe. Rajabu akaruka ndani, akachuchumaa, asionekane.

"Sitoki!" sauti ikatoka shimoni. "Nataka kuku!"

Kuku akaletwa, akashushwa kwa miguu. Kuku alipiga kelele, Rajabu akanyamaza. Muhidini akapiga magoti ukingoni, akainama, wakatazamana uso kwa uso, Rajabu na kuku wake kwapani.

"Mtani," alinong'ona Rajabu, "mbona ni choo?"

Muhidini akashika ukingo wa shimo kwa mikono miwili.

"Kimejengwa vizuri, sisemi. Chokaa safi. Lakini kwenda baharini kuna bomba hapa la kupita mguu wa kuku." Alimtazama Muhidini kwa muda, uso wake wa mzaha ukapungua. "Sikia. Ukisema handaki, nitatoka hapa naapa nimeona maji ya bahari, na Jumatatu nalifukia lote kabla Injinia hajawasha tochi. Mtani hafukui aibu ya mtani. Ila useme wewe."

Huo ulikuwa wokovu, wala Muhidini hakuwa ameuomba. Neno moja tu, lile lile la miaka yote. Akanyanyua kichwa kulisema. Ndipo akamsikia Lulu mlangoni, sauti imejaa fahari:

"Ashatu, pita mbele. Umeona handaki hilo? Mwambie babu kwamba ulikosea."

Kitoto chembamba kikapita katikati ya watu, sare imefuliwa mpaka imepauka. "Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Nilikosea," alisema Ashatu. Lakini alivuta pumzi puani, mara mbili, akilitazama shimo, na ilikuwa dhahiri kwamba bado hasikii upepo. Alisema uongo kwa sababu mwalimu amemwambia, na mwalimu alimwambia kwa sababu baba yake amesema. Muhidini aliona aibu kubwa kuliko aliyoiogopa.

"Hukukosea," alisema. Akasimama, akawageukia watu. "Jamani, hakuna handaki. Halijawahi kuwepo. Nilidanganya tangu siku ya kwanza. Hiki ni choo."

Kisha mji ukapasuka kwa kicheko. Walicheka wakaangukiana. Imamu alifuta machozi kwa kilemba, akasema miaka yote hii hajaona mfiwa kumshinda mtani kaburini.

"Wallahi naapa!" alisema Muhidini. "Ni choo!"

"Basi, mzee, utatuua!" walilia watu. Kila alivyoapa ndivyo walivyoshika mbavu. Huko nje neno lilikwishapita kwamba Muhidini anaficha handaki ili wakubwa wasilichukue, na watu wakamsifu kwa uzalendo. Injinia Sophia peke yake alichungulia na tochi yake, akatoa kalamu, akakifuta kioo kwenye mchoro. Rajabu alitoka shimoni na kuku, akamshika Muhidini bega.

Lulu hakucheka. Alimjua baba yake. Alipokuwa anasimulia handaki sauti yake ilikuwa tamu kama ya kusoma kasida. Leo ilikuwa ya mtu anayeomba maji. Akawapanga wanafunzi wake wawili wawili, akaondoka nao.

Siku mbili zile Lulu alimwambia baba yake maneno mawili tu, "Chakula tayari," na aliyasema mara tano. Jumapili adhuhuri akaongeza: "Kesho saa mbili, darasani."

Muhidini alikwenda amevaa kanzu. Mfungwa alikuwa bado anakimbia ukutani, na samaki bado anacheka. Wanafunzi walisimama kumwamkia, wakakaa, na yeye akabaki wima kama mshitakiwa.

"Ashatu," alisema, "ulisema kweli, nami nilifurahi ulipokatwa alama. Nimekuja kukuomba radhi."

Ashatu alimtazama mwalimu wake kama anauliza jibu la swali hili ni lipi. Lulu akachukua daftari, akafuta mstari wake mwekundu, akaandika alama mbili. "Na mimi naomba radhi," alisema. "Sikwenda kunusa."

Ndipo kijiko kikawashwa kule mjini. Walisikia mngurumo, kisha ardhi ikatikisika, na vumbi jeupe likapanda juu ya mapaa. Watoto walikimbilia madirishani wakishangilia. Muhidini hakwenda. Alikuwa amelitetea jumba lile kwa ajili ya choo, na sasa tu, ukuta wa pili ulipolala, ndipo alipokumbuka kilichokuwemo. Marehemu baba yake, Dadi, alikuwa tarishi wa mahakama ile. Alisimama kwenye mlango mkubwa kila asubuhi akiita majina ya wenye kesi, na sauti yake ilifika mpaka sokoni. Muhidini alikuwa akikaa kwenye ngazi kumsikiliza. Miaka ishirini na sita hakumtaja kwa mgeni hata mmoja, maana aliona tarishi si hadithi. Ukuta wa tatu ukaanguka. Muhidini akalia mbele ya darasa la tano, hakujificha.

Watoto wakarudi madawatini polepole. Ashatu akanyoosha kidole.

"Babu, sasa kile choo alikichimba nani?"

Mdomo wa Muhidini ulifunguka wenyewe. Majibu yalikuja mbio kama zamani: hakimu wa Kidachi aliyeogopa sumu, liwali na hazina yake, mfungwa na mchumba wake. Mazuri yote. Lulu aliinua kichwa akamtazama.

"Sijui," alisema Muhidini. Likatoka, na wala halikuuma. "Ila namjua mtu aliyekuwa akisimama mlangoni."

Ashatu alimkazia macho. "Huyo ulimwona mwenyewe?"

"Alikuwa baba yangu," alisema Muhidini, na Ashatu akafungua daftari akaandika.